Kiua cha Noela na Mbwa wa Benigna

Pale Msamala, Songea, hakuna kitu ambacho Benigna Mhagama hajakibeza. Ukimwonyesha bati jipya, atakuuliza kama mvua inaliogopa. Ukimletea mtoto mchanga ampakate, atamgeuzageuza kama kiazi cha sokoni, kisha aseme kichwa ni cha ukoo wa baba, pole yao. Padri akihubiri vizuri, ametumia maneno mengi. Akihubiri kifupi, alikuwa na njaa. Na kwa kila kinachozidi mipaka ya dharau ya kawaida ana swali lake moja, analitoa huku mdomo kaupindisha upande: "Hicho nacho ni kitu?"

Alizaliwa Maposeni, kwenye mahindi, na tabia hiyo alitoka nayo huko. Wasichana wenzake walipokwenda kufundishwa kushona, yeye alichagua kufuga kuku, kwa sababu, alisema, shati halitagi. Aliolewa na Urbani, fundi mwashi, mtu mpole aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa na kuikamilisha ya kwake mwisho wa zote. Urbani alifariki mtoto wao Wilfred akiwa kidato cha nne. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, mtaa ukaanza: mjane atauza nyumba, mjane atarudi kwao, mjane ataweza wapi peke yake.

Benigna hakumjibu mtu. Alikwenda kutafuta mbwa mdogo, akampa jina Mtasema, na kila jioni akawa anasimama getini anamwita kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. Mtasema, njoo ule. Mtasema, usiwasikilize, njoo ndani. Nyumba haikuuzwa. Mbwa akakua, akawa jitu la masikio yaliyochanika, akawamaliza vicheche wote waliokuwa wakinyemelea banda la kuku. Alilala kwenye mlango wa Benigna tangu mwaka ule wa msiba hadi pua yake ikaota mvi, na hakula chakula kisichotoka kwenye mkono wa Benigna, hata kingekuwa nyama. Huyo ndiye kiumbe pekee ambaye mama yule hajawahi kumwuliza kama naye ni kitu.

Basi Wilfred akawa dereva wa lori la makaa ya mawe, Songea kwenda Mtwara na kurudi, na huko njiani akampata Noela, binti wa Masasi aliyekuwa akipika kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Akamwoa, akamleta kwa mama, akapanda lori lake akaondoka. Wanaume wana akili zao. Mkwe akaachwa na mama mkwe kama panya aliyefungiwa stoo moja na paka.

Kila chungu cha Noela, Benigna alikionja akasema neno moja tu: "Chumvi." Hakusema imezidi au imepungua, alimwacha mwenyewe akisie. Siku ya kwanza Noela alipopika kuku, akafanya kosa ambalo huko kwao Masasi pia wangemshangaa: aliikata firigisi vipande akaichanganya kwenye mchuzi. Sasa firigisi, kila mtu anajua, haigawanywi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Alikuwa akiila Urbani, na Urbani alipoondoka ikahamia kwa Benigna, maana baba wa nyumba ile alibaki kuwa yeye. Siku hiyo aliukoroga mchuzi kwa mwiko muda mrefu, anatafuta, hapati, hadi akaweka mwiko chini.

"Huko kwenu," akasema, "firigisi inakaa na mchuzi?"

"Samahani, mama. Sikujua."

"Hukujua. Ulijua nini?"

Lakini firigisi haikuwa kitu mbele ya kile kiua. Noela alikuja nacho kutoka Masasi, amekipakata njia nzima, kimepandwa kwenye kikombe cha chai kilichokatika mkono. Kilikuwa kifupi, hakifiki urefu wa kidole, na majani yake manene yaliyochongoka yalikuwa ya kijani iliyokolea, yamechorwa mistari myeupe. Benigna alikizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Kinaliwa?"

"Hapana, mama."

"Kinatibu nini?"

"Hakitibu. Kinapendeza tu. Hakitaki hata maji mengi."

"Kwenu kuna korosho, binti yangu. Umevuka Tunduru nzima na jani. Hicho nacho ni kitu?"

Noela akakiweka barazani, kwenye kizingiti cha dirisha, pale chini yake Mtasema anapoota jua. Hapo Benigna akaacha mzaha. Akauliza je, mbwa akikila.

"Nilisoma kwenye simu kabla sijakiweka," Noela akasema kwa adabu. "Kinaitwa hawothia. Mbwa akikitafuna hakimdhuru. Kinafanana na alovera, lakini si alovera. Wanasema alovera ndiyo mbaya kwa mbwa, ile hasa asionjeshwe."

Benigna alicheka kwa pua. Alovera, au shubiri kama wengine wanavyoiita, ilikuwa imejipanga kwenye ua wake wote, nene, yenye miiba, ameipanda mwenyewe. Wilfred alipoungua kwa uji akiwa mdogo alipakwa hiyo. Urbani tumbo lilipomfunga alinywa hiyo. Na mdondo ukiingia Msamala, kuku wa watu wakianza kupinda shingo mmoja mmoja, Benigna huikatakata shubiri akaitia kwenye maji ya kuku wake, na kuku wake hubaki wanachakura. Kama ni shubiri au ni bahati, nani atajua, lakini kuku aliye hai hana mpinzani. Watu wa mtaa wote hufanya vivyo hivyo, na wasio na mmea huja kumwomba jani, naye huwapa jani pamoja na tusi.

"Simu yako," akamwambia mkwe wake, "imewahi kufuga mbwa?"

Habari hiyo ya simu iliyofuga mbwa aliipeleka kisimani, akaipeleka jumuiya, akaipeleka kwa Renatha, jirani yake wa ukuta mmoja, na kila alipoisimulia ilikuwa inanenepa. Watu wakacheka sana.

Siku ya tukio Noela alikuwa ameenda sokoni. Benigna akatoka kwenye banda la kuku na mayai kwenye khanga, akakuta kikombe kiko sakafuni, kimepasuka, udongo umemwagika, na nusu ya majani ya kile kiua hayapo. Mtasema alikuwa anajilamba udongo puani. Alipomwona mama yake akapiga mkia chini, puu, puu, kama kawaida yake. Mtu mwingine angeona mbwa mzima aliyetafuna jani. Benigna aliona maiti.

Mayai aliyaweka chini bila kuangalia anayaweka wapi, na mawili yalibingirika yakapasuka. Alipiga magoti akamshika mbwa kichwa, akamfunua mdomo, akamnusa. Alisema naye kwa Kingoni, maneno laini ambayo hata Wilfred hakuwahi kuyasikia yakimtoka. Alimpenda mbwa yule, na aliogopa kama alivyoogopa siku ile walipomwita hospitalini kwa ajili ya Urbani. Na Benigna akiogopa hakai kimya kama watu, anafanya kitu.

Renatha akachungulia juu ya ukuta. "Kuna nini, Mama Wili?"

"Kale kajani ka Masasi. Mbwa amekula sumu."

"Mpe maziwa."

"Maziwa ya nini? Ya kuisindikiza?"

Akachukua kisu, akakata majani ya shubiri, yale makubwa ya chini, akayatwanga kwenye kinu na maganda yake na miiba yake na ule utomvu wa njano unaochirizika chini ya ganda. Akatia maji, akakamua, akajaza kwenye chupa ya soda. Renatha alikuwa bado ameegemea ukuta, anafuatilia.

"Si ndiyo ile mkweo alisema haimfai mbwa?"

"Mkwe wangu," akajibu Benigna bila kugeuka, "alisema pia firigisi inakaa na mchuzi."

Hapo ndipo akili ilipofungiwa nje. Kuku wamepona, Urbani alipona, mtoto alipona, basi na mbwa atapona. Kichungu ndicho dawa. Yule mbwa angeng'ata mkono wa mtu yeyote duniani ambaye angemwekea kitu kile mdomoni, lakini mkono ulikuwa wa Benigna. Alitapatapa kidogo, akamtazama usoni, akameza. Alimeza yote huku anamtazama.

Haikuchukua muda. Mtasema akaanza kudondosha povu, akatapika mara ya kwanza, akatapika tena, tumbo likafunguka akachafua baraza yote, akaenda kujikunyata kwenye kona ya ukuta akitetemeka. Benigna akamwita Renatha aone.

"Unaona inavyotoka? Sumu hiyo. Ilikuwa nyingi."

Na kwa kuwa ilikuwa nyingi, akajaza chupa ya pili. Jamani, ujinga wa chupa ya kwanza unasameheka, kila mtu amewahi kuunywa au kumnywesha mwenzake. Wa chupa ya pili una kiburi ndani yake. Mbwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Alifunuliwa mdomo, akamiminiwa.

Noela aliporudi na kapu lake la sokoni alimkuta Mtasema amelala ubavu, macho yameingia ndani, na mama mkwe amesimama katikati ya baraza mikono kiunoni, anamsubiri.

"Umefurahi?" Benigna akasema. "Umekuja na jani lako kutoka huko ulikotoka, ukaliweka mdomoni mwa mbwa wangu, ukanisomea simu. Haya, msomee na yeye. Msomee kwamba halimdhuru. Mbwa huyu alinishikilia nyumba hii wakati wewe hujui hata Songea iko wapi. Akifa leo, wewe na kikombe chako mtamfuata Wilfred huko barabarani, mimi sitalala nyumba moja na mtu aliyeniulia."

Akakizoa kiua na udongo wake, akaenda kukitupa kwenye shimo la taka. Noela aliweka kapu chini, akaiona chupa, akaona kinu, akaona maganda ya kijani. Akampigia simu Daimu, bwana mifugo.

Daimu, Myao wa Tunduru, alikuja na pikipiki yake na sanduku lililofungwa kwa mpira nyuma. Benigna alishazoea kusema kwamba mtu mwenye jina lile la Kiislamu hawezi kumshika mbwa. Daimu akamwamkia shikamoo, akavaa glavu, akapiga magoti kwenye uchafu ule, akambinya mbwa ngozi ya shingo. Ngozi ilibaki imesimama, haikurudi.

"Amekula nini, mama?"

"Mwulize huyu. Amekula ua lake."

Noela akaenda kwenye shimo la taka, akarudi na kile kiua, kimevunjika, kimejaa majivu. Daimu akakigeuza mkononi.

"Hiki? Hiki hata angekimaliza chote kisingemfanya hivi. Labda udongo ungemkwaruza koo. Kuna kingine." Akainama akatazama matapishi. "Hii rangi ya njano ni ya nini?"

Benigna akaangalia banda la kuku. Noela, aliyekuwa ameiona chupa, akaangalia chini, akamwachia mama mkwe nafasi ya kusema mwenyewe. Lakini Mungu alishamweka Renatha ukutani.

"Ni alovera, mtaalamu," Renatha akasema. "Chupa mbili."

"Kuku wangu wanakunywa kila kiangazi," Benigna akasema. Sauti ilikuwa bado ya ubishi, lakini ilitoka imesinyaa.

"Mama, tumbo la mbwa si la kuku. Ule utomvu wa ganda unamwendesha hadi maji yote yanamtoka mwilini. Ua halijamfanya kitu. Kinachomuua ni dawa."

Akamdunga maji chini ya ngozi, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akavua glavu, akanawa hadi viwiko. Kisha akasema bila kuzungukazunguka, maana Daimu si mtu wa kupamba. "Changu nimemaliza. Kilichobaki ni maji, kidogo kidogo, muda wote. Mbwa ni mzee. Akianza kunywa mwenyewe kabla jua halijazama, atapona. Asipokunywa, msinipigie. Chimbeni."

Pikipiki ikaondoka. Benigna akaleta maji kwenye bakuli, bakuli la udongo alilokuwa akilia Urbani, akapiga magoti, akayachota kwa kiganja, akayapeleka mdomoni mwa mbwa.

Mtasema alinusa kile kiganja. Akaubana mdomo, akageuza kichwa ukutani.

Benigna akamfuata upande wa pili. Mbwa akageuza tena. Akajaribu kumfunua midomo kwa vidole, kama asubuhi, na mbwa aliyekuwa hawezi kunyanyua hata mkia akatoa mngurumo mdogo kutoka kooni. Hakuwahi kumngurumia tangu azaliwe. Benigna akaurudisha mkono wake, akautazama, akaunusa. Alikuwa ameunawa, lakini shubiri haitoki kwa maji.

Sasa mtu mwingine angesema, sijui nifanye nini. Benigna hakuwa na neno hilo. Alikaa kwenye kigoda, akaona jua linavyoteremka, akaona mbwa wake atakufa kwa kiu bakuli likiwa puani, kwa sababu ya mkono wake. Mwishowe akalisukuma bakuli kwa mguu, taratibu, hadi likafika kwenye gauni la Noela.

"Jaribu wewe," akasema.

Noela akachota. Mtasema akanusa mkono ule, mkono ambao kwa miezi yote hajawahi kupokea kitu kutoka kwake. Ulinuka dagaa wa sokoni. Ulimi ukatoka, ukagusa maji, ukarudi. Ukatoka tena.

Wakakaa hivyo mchana ule, Benigna anashika bakuli, Noela anachota. Upepo wa baridi wa milima ya Matogoro ulipoanza kushuka, Benigna akavua khanga yake ya mabegani akamfunika mbwa, naye mbwa akamwachia, maana khanga ilikuja kutoka nyuma. Jua likiwa limeshika paa la Renatha, Mtasema akainua kichwa mwenyewe, akakiingiza kwenye bakuli, akanywa.

Wilfred akapiga simu kutoka Tunduru. Benigna akatega sikio, amejiandaa. Alikuwa anajua atakavyosimuliwa, na alikuwa ameshapanga majibu.

"Mtasema aliumwa tumbo," Noela akamwambia mumewe. "Sasa anaendelea vizuri. Mama amemhangaikia kutwa nzima, hata kula hajala."

Hayo tu. Benigna akaingia ndani akakaa kitandani gizani. Angetukanwa angejua la kusema. Hili lilimuuma kuliko yote ya siku ile.

Mtaa ulisema, kama jina la mbwa lilivyokuwa likiwaagiza. Renatha alihakikisha. Kisimani wakaanza kuulizana kama kuku wamewahi kufuga mbwa. Benigna akapita katikati yao na ndoo yake, mdomo kaupindisha, akajifanya maji ya siku ile yana harufu. Kiua kikarudi barazani kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, na majani yake yaliyotafunwa, na yeye akikipita hukitazama kwa jicho la pembeni na kusema ni kibaya kuliko mwanzo. Hakukigusa.

Ila Mtasema. Alipona, akarudi kukimbiza vicheche, akarudi kulala kwenye mlango uleule wa Benigna. Lakini jioni akiitwa getini alikuja, akalitazama bakuli mkononi mwake, akakaa chini. Hali kitu. Anasubiri. Benigna akiliweka chini na kuondoka, bado hali. Mpaka Noela atoke jikoni, alinyanyue, alitue tena palepale. Ugali uleule, likolo lilelile, mboga ya majani ya maboga. Benigna alijaribu nyama. Alijaribu kunawa kwa majivu na ndimu. Mbwa alikuwa anamtazama kwa upole, mdomo umebanwa, jinsi ambavyo yeye Benigna amewatazama watu maisha yake yote na vitu vyao.

Jumapili moja akachinja jogoo, akampika mwenyewe, akamkataza Noela asikanyage jikoni. Alipoandaa, firigisi ilikuwa juu ya sahani yake, nzima, kama desturi. Hakuila. Alitoka nayo barazani, Noela akamfuata nyuma, Benigna akainama, akamnyooshea Mtasema kwa vidole.

Mbwa akainuka. Akanusa ile firigisi, mate yakamdondoka. Akanusa vidole. Akageuka, akaenda kukaa chini ya dirisha, karibu na kopo.

Benigna akasimama, akampa Noela sahani.

"Chukua. Ni yako sasa. Ukitaka mpe."

Noela akaipokea kwa mikono miwili. Akaikata katikati kwa meno, nusu akamrushia Mtasema, naye akaidaka kabla haijagusa chini. Nusu nyingine akaitafuna yeye, hapohapo, mbele ya mama mkwe wake, taratibu, bila kuomba samahani.

Benigna akamtazama anavyotafuna mpaka akameza.

"Chumvi?" akauliza.

Noela akafikiri kidogo. "Imepungua, mama."

Benigna akapindisha mdomo upande. Kisha akaingia ndani kuleta chumvi.